Mwezi Uliozidi

Ilikuwa siku ya mwisho ya tamasha, na Tirza Perlmutter alikuwa bado hajaona filamu hata moja. Tiketi zote aliziuza yeye mlangoni.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Nahum, wewe hata bahari ingepasuliwa mbele yako ungesimama kwanza uulize imepasuliwaje." Sasa mtu wa namna hiyo amwone mwanamke anawapokea watu mia nne mlangoni, anawatafutia wazee viti vya pembeni, anacheka nao, kisha taa zikizimwa anatoka, anauvuta mlango taratibu na kubaki nje peke yake. Ningewezaje kunyamaza?

Jioni ya kwanza nilimfuata shangazi yake, Bluma, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko kifua chake.

"Shangazi, mbona Tirza haingii?"

"Anaomboleza," alisema bila kunitazama. "Baba yake, ndugu yangu Zelig, alitutoka mwaka jana. Mtoto aliyefiwa na mzazi haendi kwenye burudani mpaka mwaka uishe. Kazi, sawa. Kustarehe, hapana. Kwani kwenu hamfundishwi?"

"Tunafundishwa, ila wengi hawashiki."

"Hapa tunashika," alisema, akaufunga mkoba wake kwa kishindo.

Walikuwa wamenileta kutoka Cleveland kwa mkataba wa miezi sita, kwa kazi moja tu: kulikuza tamasha. Tamasha la Filamu za Kiyahudi la Bonde la Kittering lilizaliwa miaka kumi na tisa nyuma katika ukumbi wa chini wa sinagogi, mbele ya shuka jeupe la kitanda cha Zelig mwenyewe, viti arobaini vya kukunja na filamu tatu. Moja ilikwama katikati. Zelig, aliyekuwa muuza viatu, akasimama mbele akaimalizia kwa mdomo, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba mwisho wake ulikuwa mtamu kuliko wa mwenye filamu.

Sasa lilikuwa la miji minne na filamu ishirini na sita. Mji mmoja katika hiyo una familia tisa tu za Kiyahudi, lakini walijaa watu mia mbili, wengi wao wakulima Wakristo wenye kofia za jua. Niliwafuata mpaka kwenye magari yao kuwauliza nini kimewaleta. Mzee mmoja akanijibu, "Mama mkwe wa kwenye ile filamu ni mama mkwe wangu mtupu. Kesho naja na mke wangu, naye akajionee." Kesho yake kweli akaja naye, wakatoka hawasemezani.

Lakini nisipotee njia. Nilikuwa kwa Tirza.

Jioni hiyo hiyo ya kwanza nilitoka kwenda kunywa maji, nikamkuta kaegemea ukuta karibu na mlango. Ndani watu walikuwa wanacheka.

"Wanacheka nini?" aliniuliza.

"Ni mshonaji wa Buenos Aires. Ana wachumba wawili, na wote wawili wamekuja siku moja kupimwa suti ya harusi."

"Eti nini! Harusi hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Na hakuna kati yao anayejua."

Akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakamcheza. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo. Kisha akashtuka, akatazama huku na huku.

"Si dhambi hii? Kusimuliwa?"

"Wewe ndiye unayeshika. Unaonaje?"

Akafikiri. "Kusimuliwa si kuangalia. Rabi alisema macho, masikio hakuyataja." Akavuta kiti. "Haya, mchumba wa pili yukoje?"

"Mrefu. Ana sharubu."

"Sharubu za kutunzwa au za uvivu?"

Nikakwama. "Hata sikuangalia vizuri."

"Basi kaangalie, mwanaume gani wewe!"

Nikarudi ndani mbio, nikaangalia, nikatoka. "Za uvivu."

"Nilijua," alisema. "Asimchukue huyo."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Kila filamu nilikaa ndani dakika kumi, nikatoka kumsimulia dakika tano, akanituma tena. Kaangalie kama bado kavaa pete. Kaangalie mama mtu anakata kitunguu au analia kweli. Watu wa safu ya nyuma walidhani nina ugonjwa wa tumbo. Bibi mmoja alininong'oneza kwa huruma, "Mwanangu, acha kunywa maziwa."

Nilimpenda. Nasema wazi, sina haja ya kuzunguka. Nilipenda alivyouliza. Nimeishi miaka thelathini na sita nikiuliza watu maswali mpaka wananikimbia, na hapo nilikuwa nimempata mtu anayenishinda. Nikitoka mlangoni nilimkuta ameshageuka kuutazama, na macho yetu yakikutana alijifanya anapanga tiketi zilizokwisha kupangwa.

Bluma aliona. Mashangazi hawapitwi na kitu.

"Tirza," nilimsikia akisema siku ya nne, "mtu hashibi kwa kusimuliwa supu."

"Shangazi, ni filamu tu."

"Filamu ziko ndani. Huyu yuko nje."

Jumatano ndipo nilipoishiwa na subira. Asubuhi ile nilikuwa nimepigiwa simu kutoka Oregon, kule mwisho wa nchi. Walikuwa na tamasha changa, wamesikia habari za Kittering, wakanitaka kwa miaka mitatu. Jibu walilitaka Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kazi nzuri, ya ndoto zangu. Nami nilijua kwamba neno moja la Tirza lingenifanya niikatae.

Tulikuwa wawili tu, tunakunja mabango.

"Tirza, nikuulize kitu?"

Hakuinua uso, lakini mikono yake ilisimama. "Kama ni cha kazi, uliza. Kama si cha kazi, subiri mwaka wa baba uishe. Nimejiahidi hivyo."

"Unaisha lini?"

"Jumapili."

"Hii?"

"Ijayo."

Jumapili ijayo mimi ningekuwa nimeshajibu, pengine nimeshafunga mizigo. Ningeweza kumwambia habari za Oregon palepale. Nikazimeza. Mwanamke anamlilia baba yake, halafu wewe unamwekea saa mbele ya uso? Nikasema ni cha kazi, nikauliza habari za gundi.

"Gundi," alirudia, akanitazama kwa muda. "Iko kwenye sanduku, Nahum. Imekuwa kwenye sanduku siku zote."

Basi tufike hiyo Jumapili ya mwisho. Saa tisa alasiri nilikuwa jikoni mwa sinagogi, ng'ambo ya barabara kutoka jengo la sinema. Kittering filamu ya mwisho ikiisha watu hawaachani bila kula: mikate ya duara, jibini, samaki wa moshi, tambi za kuoka na mayai yasiyo na idadi. Walinipa mayai nimenye. Mbele yangu ukutani kulikuwa na kalenda, zile zinazogawiwa bure na kampuni ya mazishi kila mwaka wetu mpya unapoingia. Ya mwaka huu ilitundikwa juu ya ya mwaka jana, nayo juu ya ya mwaka juzi, zote kwenye msumari mmoja. Hakuna aliyewahi kuona sababu ya kutoa ya zamani.

Mtu mwenye akili timamu angemenya mayai. Mimi nikaanza kuzifunua. Nilitaka kuiona siku aliyofariki Zelig, sijui kwa nini, labda ili nijue Tirza alikuwa wapi siku ambayo mimi nilikuwa hata simjui. Nikaipata: tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Heshvani. Mtu alikuwa ameandika "Zelig" hapo kwa kalamu nyekundu. Nikaanza kupindua kurasa mbele, mwezi hadi mwezi, nikafika Adari. Nikapindua. Adari tena.

Nikaganda na yai mkononi. Ulikuwa ule mwaka wa miezi kumi na mitatu, mwaka ambao mwezi mmoja unarudiwa ili sikukuu zisiyapoteze majira. Kila Myahudi analijua hilo, na kila Myahudi analisahau.

Nilitoka nje nikampigia rabi simu. Kumwuliza rabi swali ni haki ya kila mtu.

"Rabi, maombolezo ya mzazi ni mwaka au ni miezi kumi na miwili?"

"Miezi kumi na miwili. Kumbukumbu ya kifo huifuata tarehe yake, hata mwezi ukizidi. Maombolezo hayazidi."

"Kwa hiyo Tirza..."

Upande wa pili rabi alicheka kidogo. "Kamwulize Tirza mwenyewe," akasema, akakata. Sikuelewa alichokichekea.

Niliporudi jikoni Bluma alikuwa amesimama mbele ya bakuli langu, mikono kiunoni.

"Mayai sita kwa nusu saa. Na huyu ndiye wa kutukuzia tamasha." Kisha akashusha sauti. "Nimesikia habari za Oregon, walinipigia kuuliza sifa zako. Nenda, baba. Sikuchukii, lakini nimewaona wengi kama wewe. Mnakuja kukuza, mnakuza, mnaondoka, mnatuachia ukubwa wetu. Tamasha litavumilia. Yule mtoto kaachwa mara moja na baba yake, mara ya pili sitaki kuiona. Kuna daktari wa meno hapa mtaani, mpole, nyumba yake mwenyewe, hajawahi kuvuka daraja."

"Shangazi, mwaka wa Tirza umekwisha."

"Unaisha Jumapili ijayo."

"Umekwisha wiki tatu zilizopita. Adari ilikuja mara mbili."

"Wee! Nimezika wazazi wawili na mume, halafu wewe mla bisi unanifundisha kuhesabu?"

"Hesabu basi."

Akainua vidole kwa dharau, akaanza. "Kislevu mmoja. Tebethi miwili. Shebati mitatu. Adari minne. Adari..." Sauti ikapungua. Aliendelea kwa midomo tu. Alipofika Tishri alikuwa ameshatimiza kumi na miwili, na Heshvani haijafika. Akavuta kiti akakaa, mkoba mapajani.

"Maskini mimi," alisema. "Nilimwambia mwaka. Nilimwambia kwa mdomo wangu, siku ile ya mazishi. Mtoto kakaa nje siku zote hizi kwa sababu yangu, na ndani ni kazi ya baba yake."

"Hakuna aliyejua, shangazi."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa natazama kalenda."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua siku aliyofiwa."

Alinitazama kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu nifike Kittering, kutoka viatu mpaka nywele. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kitambaa cha jikoni.

"Nenda kamwambie," alisema. "Mimi siwezi kumtazama usoni."

Nilivuka barabara. Katikati, palipopakwa mistari, nilisimama nikatoa simu. Dereva mmoja alinipigia honi, nikamwomba radhi kwa mkono. Niliongea na Oregon dakika mbili, nikavuka upande wa pili.

Saa kumi kasoro dakika kumi watu walikuwa wameshaingia karibu wote. Tirza alikuwa mezani kwake, nywele kazifunga nyuma, anazipanga tiketi zilizobaki. Aliponiona akatabasamu, kisha tabasamu likakaa nusu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Tirza, nina neno. Si la kazi."

"Nahum, tulikubaliana."

"Mwaka wa baba yako umekwisha. Nimehesabu. Mwaka uliokwisha ulikuwa na Adari mbili. Miezi kumi na miwili ilitimia kabla tamasha halijaanza. Ungeweza kuingia tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekwambia."

Nilitegemea atashtuka. Nilijiandaa hata kumshika asianguke. Yeye akaziweka tiketi chini, akatazama mikono yake.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Adari mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kumwombea baba kila asubuhi, Nahum, ningeachaje kujua? Na rabi alinipigia siku yenyewe. Akaniambia, Tirza, inuka sasa, inatosha."

Nilikaa kwenye kiti nilichozoea kukaa nikimsimulia. "Ulijua. Filamu ishirini na sita."

"Ishirini na tano. Hii haijaanza."

"Mbona ulibaki nje?"

Ndani mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Ya kwanza nilibaki kwa ajili ya baba," alisema. "Niliogopa. Nilijiambia, nikiingia nikakaa, nikacheka, basi kaenda kweli. Nikasema nitaingia ya pili. Kisha mlango ukafunguliwa, ukatoka wewe na huyo mshonaji wako wa Buenos Aires." Akauonyesha mlango kwa kidevu. "Ya pili nikasema nitaingia ya tatu. Yale ya macho na masikio yalikuwa kisingizio tu. Ndani wapo watu mia nne, Nahum. Hapa nje ulikuwa wangu peke yangu."

Mimi, mtu wa maswali, sikuwa na hata moja.

"Na ukaniambia Jumatano nisubiri!" nilisema mwishowe.

"Kwa sababu ya hofu! Nilijua unataka kuuliza nini. Kisha jana shangazi kaniambia habari za Oregon, nimelia usiku kucha. Kwa nini hukusema? Ungesema, ningejibu."

"Sikutaka unijibu huku unatazama saa."

Alitazama saa ya ukutani hata hivyo. "Wanataka jibu saa kumi na mbili."

"Nimeshawajibu. Sasa hivi, pale barabarani."

Akazichukua tena tiketi, akazigonga mezani zilingane. "Vizuri," alisema. "Ni kazi nzuri. Nimesoma habari zao."

"Nimewaambia hapana."

Tiketi zikamwagika sakafuni. Hakuinama kuziokota.

"Hujaniuliza mimi bado! Na kama ningekukataa?"

"Ningekuwa mtu asiye na kazi hapa Kittering. Nasikia kuna duka la viatu halina mtu."

"Una wazimu."

"Labda. Lakini sikutaka kukuuliza huku nimeshika mlango mwingine kwa mkono wa nyuma. Sasa sina pengine pa kwenda, ndipo nakuuliza." Nilisimama. "Tirza, unanitaka?"

Alilifunga sanduku la tiketi kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni, akajipangusa machozi kwa viganja viwili. Kisha akaja upande wangu wa meza na kunishika mkono, vidole ndani ya vidole. Vyake vilikuwa baridi.

"Jibu nakwenda nalo ndani," alisema, "wakalione wote."

Nilimfungulia mlango. Taa zilikuwa zinapungua lakini hazijazimika, na vichwa vya safu ya nyuma vikageuka, kisha vya safu iliyofuata, mpaka ukumbi mzima ukawa unatutazama. Nilisikia wakinong'onezana. Huyo si Tirza? Kaingia! Mwaka si bado? Na huyo si yule wa kutoka Cleveland, wa tumbo? Tirza alisimama kidogo penye kizingiti, nikahisi mkono wake ukikaza wangu kwa nguvu zote, nikajua kwamba hapo hakuwa ananishika kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya baba yake. Nilimngoja. Akavuta pumzi, akatangulia yeye.

Viti vilikuwa vimejaa, watu wengine wamekaa ngazini. Safu ya tatu Bluma, aliyepitia mlango wa nyuma, alikuwa ameketi wima, amenyooka, macho yake mekundu kayaelekeza mbele kwenye skrini tupu. Pembeni yake alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kiti kimoja, na koti lake kwenye cha pili.

Tulipofika aliuondoa mkoba. Kisha akaliondoa na koti.

"Kaeni basi," alisema bila kutugeukia. "Mnawaziba watu."